Mvua, msaragambo na faini ya ngao

Jumamosi tulikua na msaragambo (kazi ya pamoja ya lazima) wa kusafisha mfongo, yani mfereji wa maji, huku kwetu juu kidogo ya Moshi mjini, masika imepiga toka usiku, bodaboda hazipandi, mi nafika saa nne badala ya saa moja nakuta nishaandikiwa faini elfu tano. Nikasema jamani si mnaona tope? Mzee mmoja akanijibu, "mdogo wangu, mvua imenyesha kwa wote."

Nikarudi nyumbani nawawaza wale jamaa wa China. Mwaka 209 KK, miaka 12 tu toka watawala wa ukoo wa Qin waiunganishe nchi yote, Chen Sheng na Wu Guang walikua kwenye kundi la watu 900 wanaopelekwa kulinda mpaka, mvua ikawakwamisha sehemu inaitwa Daze. Kwa alivyoandika Sima Qian, mwanahistoria wa zamani wa China, kuchelewa adhabu yake kifo, na kuasi nako kifo, sa si bora uasi tu? Wakaasi kweli, na miaka mitatu haijaisha Qin chali.

Mi hiyo niliibeba kama ilivyo miaka yote. Kumbe 1975 huko Shuihudi, Hubei, walifukua kaburi la karani mmoja wa Qin anaitwa Xi, kazikwa na vipande vya mwanzi zaidi ya 1,100 vimeandikwa, vingi ni sheria zenyewe. Kwenye kazi za lazima za serikali, yani msaragambo wao, kuchelewa siku 3 mpaka 5 ni kukaripiwa, 6 mpaka 10 faini ya ngao moja, ikizidi hapo unalipa vazi zima la vita. Na mvua ikinyesha? Kazi inafutwa!

Sawa, Chen Sheng alikua anaenda ulinzi sio kuchimba mtaro, inawezekana sheria ya jeshi ilikua kali zaidi. Ila Sima Qian kaandika miaka kama mia baadae chini ya Han, waliochukua kiti cha Qin, na ubaya wa Qin ulikua unawafaa sana (ingawa Han hao hao walimhasi kisa kamtetea jenerali aliyesalimu amri, kwaiyo adhabu kali hakuzisikia za Qin tu).

Jioni balozi wa nyumba kumi kaja kudai elfu tano. Nikamwambia mzee, hata Qin mvua ikinyesha walikua wanafuta kazi. Akaniangalia weee, akauliza, "huyo Qin anakaa kitongoji gani?"

Nimelipa.