Siku moja maishani mwangu: maboksi sita na kijiti cha meno

Saa 12:10 asubuhi. Nimesimama ndani ya mwendokasi kutoka Kimara, begi nimelivaa kifuani kama kila mwenye akili. Ndani kuna memori kadi sita nilizoziandaa usiku. Ujumbe wa mwalimu umeshaingia: "Fundi, leo ndiyo leo?" Ana kituo cha tuisheni Mbagala. Kompyuta zimemshinda bei, akanunua tivii boksi sita za Android, zile za chee, akataka nizigeuze kompyuta za Linux ili vijana waandike na wasome Wikipedia ya Kiwix bila bando. Nikamjibu, "Hakuna shida, mwalimu." Mdomo uliponza kichwa.

Saa 2:00. Nafungua kibanda, Kariakoo. Dogo wa fildi kashafika, chai na chapati mkononi. Namwelezea kazi. Android ya boksi imekaa kwenye eMMC, memori iliyochomelewa kwenye bodi, na boksi halina habari na kadi yako mpaka uliambie. Unachomeka kadi, unapitisha kijiti cha meno kwenye tundu la AV hadi usikie kitufe kilichojificha ndani, unakibonyeza, na huku umekishikilia ndipo unachomeka umeme. Boksi linasoma faili la aml_autoscript, linabadili mpangilio wake, na kuanzia hapo kila likiwaka linaulizia kadi kwanza. Wateja wakiniona na kijiti wanadhani nimetoka kula nyama choma.

Saa 2:40. Boksi la kwanza limekubali. Maandishi meupe yanashuka kwenye skrini, naingia kwa root na 1234, Armbian, yaani Linux niliyoiweka kwenye kadi, inadai nywila mpya. Dogo anapiga makofi. Namwambia atunze nguvu.

Saa 3:15. La pili linarudi Android. Tunarudia, Android. Namlaumu dogo kwamba anaachia kitufe mapema. "Bro, nimeshikilia mpaka kidole kimekufa ganzi." Mara ya nne nafungua boksi, natafuta vitobo vya GND, TX na RX pembeni mwa bodi, nachomelea waya tatu kwenda kwenye adapta ya USB-TTL ya volti 3.3, naweka kasi 115200 ili laptopu isome maneno ya boksi. Sasa boksi linaongea lenyewe: *Unable to read file u-boot.ext*, yaani limeshindwa kusoma faili la kuanzisha Linux.

Kosa ni langu. Kwa chipu za S905X na S905W unatakiwa unakili faili la u-boot-s905x-s912 na nakala uiite u-boot.ext. Kadi tano nilifanya hivyo, hii moja usingizi ulinizidi. Boksi lilisoma kadi vizuri tu, likakosa faili, likarudi kwao. Kwenye tivii huwezi kutofautisha hilo na kitufe kilichoachiwa mapema. Dogo nimemnunulia soda, deni limekwisha.

Saa 4:30. La tatu linaganda kwenye nembo. Stika chini yake inasema S905X. Stika za haya maboksi mimi siziamini. Nimeshaona ya RAM ya GB 4 ambayo ndani ina 1. Natoa kibati cha kupozea, nafuta gundi nyeupe: S905W. Ni ndugu wa X, ila anataka faili lake la DTB, lile linaloieleza Linux bodi ina vifaa gani na vimekaa wapi. Namwambia dogo afungue extlinux.conf kwenye laptopu, mstari wa FDT atoe p212, ile ya X, aweke meson-gxl-s905w-p281.dtb.

Anabadilisha. Sasa hata kuganda hakuna, giza tupu. Nazunguka nusu saa na adapta ya umeme, waya wa HDMI, skrini ya jirani. Kumbe Windows imelihifadhi faili kwa jina extlinux.conf.txt, halafu ikaificha hiyo .txt isionekane! Tukaifuta, likawaka.

Saa 7:00. Wali maharage kwa mama. "Shikamoo mama." "Marahaba. Leo umenuna, umeme umekatika?" Namwambia bado. Hajamaliza kupakua, unakatika.

Saa 8:20. Umeme umerudi. Boksi la nne linawaka, linafika katikati, linajizima. Nimepima adapta yake kwa mita: peke yake volti 5.1, boksi likianza kazi inashuka 4.3. Nimechukua adapta nyingine ya ampea 2, kazi imeisha. Haya ndiyo matatizo ninayoyapenda.

Saa 9:00. La tano limenila. Liliwaka bila neno, nikaanza kunakili faili la Kiwix, katikati kadi ikageuka ya kusoma tu, haikubali kuandikwa. Nikaliwasha upya, halikuwaka tena.

Kadi hizi mwalimu alinunua mwenyewe barabarani, GB 32. Usiku programu ilihakiki zote ikasema sawa, na haikudanganya: imeji yenyewe, lile faili la Linux ninaloliandika kwenye kadi, ni ndogo, inaenea hata kwenye kadi feki. Lakini Armbian ikiwaka mara ya kwanza inajitanua ijaze kadi nzima, na kadi imekwisha kuidanganya kuhusu ukubwa wake. Ukianza kuandika vitu vikubwa, vinaangukia kusikokuwepo. Nimeiweka kwenye kadi rida ya USB, nikaendesha f3probe, programu ya kupima ukubwa halisi wa kadi. Ukubwa halisi haufiki GB 8. Nimepima zote sita: mbili feki. Nilipaswa kufanya hivyo jana kabla ya kuandika chochote, na hili sina wa kumsingizia. Nimetoa mbili kwenye akiba yangu.

Saa 10:40. La sita halisikii kijiti, halisikii kadi, halitoi chochote cha maana. Kwa nje ni pacha wa mengine, hata rimoti zinaingiliana. Nafungua: RK3229. Hii si chipu ya Amlogic kama ya mengine, ni ya Rockchip, tena ya biti 32, na imeji yangu ni ya biti 64. Hapo hata ungeshika kitufe mpaka Idi. Linux inaweza kukaa humo, lakini kwa imeji nyingine na njia nyingine, na siku inaisha.

Saa 12:15 jioni. Mwalimu amefika. Namwonyesha matano yanawaka. Anaandika jina lake kwenye LibreOffice, anacheka peke yake. Namwambia Wi-Fi ya ndani haisomi kwenye mawili, atumie waya wa mtandao. Hilo halimsumbui. Kisha namwonyesha la sita na zile kadi mbili.

"Kwa hiyo hizi nirudishe dukani?"

"Risiti unayo, mwalimu?"

Amenitazama, akatazama kadi, akaanza kupanga maboksi kwenye mfuko. La sita ameniachia.