Matangi ya karabai: lipi la kuokoa, lipi la skrepa

Kila karabai, ile taa ya mafuta ya taa ya kupiga pampu tunayovulia dagaa, inapoanza kuvuja kwenye madiko ya Deep Sea au Sahare, ushauri ni ule ule: peleka skrepa, nunua mpya. Ushauri wa pili ni mbaya zaidi: mpelekee fundi wa gesi achomelee. Nimeyapitia matangi 14 ya nahodha mmoja wa ringneti (wavu wa kuzungushia samaki) hapa Tanga, matangi ya zamani mazito, na leo 5 kati ya hayo yamemaliza giza nne za dagaa, yaani vipindi vinne visivyo na mwezi, bila kudondosha tone. Nahodha aliponiletea aliniambia, "Fundi, chagua mawili ya kutolea vipuri, mengine tupa." Nilimjibu, "Nahodha, nipe siku tatu."

Kwanza ni sumaku. Ng'oa moja kwenye spika iliyokufa, iguse tumboni mwa tangi. Ikinata, hiyo ni bati ya chuma iliyopakwa nikeli, na kutu huila kutoka ndani, hivyo usipoteze muda nayo. Shaba ya njano (brasi) haishiki sumaku kabisa. Karabai nyingi zinazouzwa sasa hivi kwa bei rahisi hunata, na ndiyo maana "nunua mpya" hainiingii akilini. Tangi la shaba la zamani ukilibana kwa kidole gumba pale chini halibonyei.

Pili, kabla hujalilaumu tangi, ilaumu pampu. Piga pampu mara 20 halafu uachie mkono. Mkono ukipanda wenyewe, kinachovuja ni valvu ndogo iliyo mwisho wa bomba la pampu, na tangi halina kosa. Kipande cha mpira kilicho ndani yake hukauka na kukakamaa. Katika yale 14, moja lilikuwa na ugonjwa huo tu. Lilikuwa limekaa darini tangu mwaka juzi likiitwa bovu.

Tatu ni rangi, na hapa ndipo nilipopata hasara ambayo bado inaniuma.

Shaba ya njano ni mchanganyiko. Ile inayovutwa kwa mashine kutengeneza vitu vyenye umbo la chungu huwa na shaba nyekundu kama asilimia 70 na zinki asilimia 30. Maji ya chumvi yakituama ndani, chini ya mafuta ya taa, huitoa zinki taratibu na kuiacha shaba tupu. Inayobaki ni nyekundu, ina vinyweleo kama andazi, na haina nguvu. Ukiichokoa kwa msumari inamomonyoka. Tangi lililofikia hapo halitengenezeki, kwa sababu lehemu itashika juu ya uozo na uozo utabanduka nayo. Kwa hiyo sheria niliyofundishwa ni moja: ukiona wekundu, tupa.

Basi nikayaosha matangi kwa namna ya nyumbani. Sufuria kubwa, maji ya moto, ndimu kama 30 zilizokamuliwa, chumvi kiganja kimoja. Matangi manane ya kwanza niliyatumbukiza mawili mawili, robo saa, nikayasugua kwa kitambaa, yakatoka ya njano safi. Kwa yale sita ya mwisho uchafu ulikuwa mgumu, nikaingiza stiliwaya ya kusugulia masufuria ndani ya maji yale yale na kuiacha humo. Yakatoka mekundu. Yote sita, mwili mzima, rangi ya senti ya zamani. Nikasema haya yameliwa, nikayapeleka skrepa siku ile ile jioni. Bei waliyonipa kwa tangi moja haikuzidi lita tatu za mafuta ya taa.

Wiki iliyofuata nililirudisha sufuriani tangi moja kati ya yale manane mazima, stiliwaya ikiwa bado imo chini. Nusu saa baadaye nalo jekundu. Tangi lililokuwa la njano siku saba zilizopita haliwezi kuoza ndani ya nusu saa. Nikachukua kisu, nikakwangua kidogo karibu na kitako: chini ya wekundu, njano inayong'aa. Ndipo nikaelewa. Ndimu huyeyusha shaba kidogo kutoka juu ya kila tangi, shaba hiyo hubaki majini, na chuma kikiingia katika maji hayo shaba huyakimbia na kujibandika kwenye kila chuma na kila shaba kilichomo. Ule wekundu ulikuwa rangi iliyopakwa, nyembamba kuliko karatasi. Nimetupa matangi sita bila kujua yapi mabovu, na nina hakika mengi yake yalikuwa mazima.

Kwa hiyo usihukumu kwa rangi kabla ya kisu. Kwangua sehemu tatu: kitako, ukingo wa chini, na chini ya tundu la kutilia mafuta. Njano ikitokea ndani ya mkwaruzo mmoja, salama. Ukikwangua mara tano na bado nyekundu na unga unatoka, hapo ndipo useme limeoza. Na stiliwaya isiingie kabisa kwenye sufuria ya ndimu.

Nne ni ufa, ambao ndio mgumu zaidi kati ya yote. Kitundu na ufa ni maradhi mawili tofauti, na watu huyachanganya. Kitundu kimetoka nje kuja ndani au ndani kwenda nje, sehemu moja. Ufa umetokana na mvuto, yaani mkazo, uliofungiwa ndani ya shaba tangu kiwandani, pale bati lilipovutwa na kukunjwa kuwa tangi. Mvuto huo hukaa miaka bila madhara, mpaka hewa yenye amonia iuguse. Jambo hili lilijulikana kwa maganda ya risasi za bunduki: jeshi la Waingereza kule India lilikuta maganda ya shaba yamepasuka yenyewe ghalani majira ya mvua, bila kupigwa, na mwaka 1921 watafiti wa Uingereza walieleza wazi kwamba sababu ni amonia ikikutana na mvuto wa ndani. Amonia ile ilitoka kwenye mikojo ya farasi. Sisi huku hatuna farasi, lakini tuna dagaa. Samaki anapooza hutoa hewa ya aina hiyo hiyo, na karabai zetu mbalamwezi yote hulala chumba kimoja na nyavu zenye mabaki ya dagaa, mara nyingine na mbuzi wa mwenye nyumba.

Ufa wa namna hii unautambua hivi: ni mwembamba kama unywele, umeanzia ukingoni palipokunjwa au kuzunguka shingo ya pampu, haujabonyea, na mara nyingi una mwenzake sambamba. Usipouona, jaza maji, paka chaki ya unga nje, subiri. Ufa utajichora mstari wa giza.

Nilijaribu kuutibu. Nilitoboa miisho ya ufa kwa kekee ya milimita 2 usiendelee, nikaweka kiraka, nikalehemu vizuri. Lehemu ilipogusa shaba nikasikia mlio mdogo, *tik*, na mstari mpya ukafunguka mbele ya macho yangu kama sentimita 3 kando ya kiraka. Lehemu ya moto huingia kwenye shaba iliyovutika na kuipasua papo hapo. Dawa halisi ni kulipasha tangi zima joto la kama nyuzi 250 hadi 300 kwa saa nzima ili mvuto ulegee, lakini viungo vya tangi lenyewe vimelehemiwa kwa madini ya bati na risasi, na vinaachia karibu na joto 190. Utabaki na vipande. Kwa hiyo matatu yenye ufa niliyakata. Sijutii hayo.

Na yule wa gesi? Waya wa shaba anaochomelea huyeyuka karibu na joto 900, na tangi lenyewe huanza kuyeyuka juu kidogo tu ya hapo. Akibahatika asilitoboe, ameshayeyusha lehemu ya bomba la pampu kwa ndani, na ameilainisha shaba. Tangi likishapikwa hivyo, ukilijaza upepo kitako kinavimba kama chapati. Usikubali.

Yaliyobaki ni ya kupima kwa upepo, na hapa nawasihi watu wasifanye mzaha. Tangi linalobeba lita 1 likijazwa upepo mtupu likapasuka, linarusha vipande. Lijaze maji, uache nafasi ya kikombe kimoja cha kahawa tu. Ziba tundu la juu kwa nati yake pamoja na washa (pete ya kuzibia) ya madini ya risasi. Piga pampu mpaka mshale ufike mstari mwekundu wa geji, ambao kwa karabai za Petromax ni kama baa 2, na uache dakika 10. Likiwa na kasoro, litatiririsha maji tu. Mshale ukishuka na nje ni pakavu, kagua washa ya kifuniko kwanza.

Kitundu kisichozidi kichwa cha pini kinatengenezeka. Tangi lisiwe na mafuta hata harufu: maji ya moto na sabuni mara tatu. Halafu lijaze maji mpaka vidole viwili chini ya sehemu ya kazi. Sugua kwa msasa namba 120, kata kiraka cha shaba ya njano kinachozidi kitundu sentimita 1 kila upande, pakaza lehemu kwenye tangi na kwenye kiraka kila kimoja peke yake, kisha vibane pamoja kwa chuma cha kulehemu kilichopashwa kwenye jiko la mkaa. Moto wenyewe usiguse tangi. Maji ya kulehemu natengeneza kwa asidi ya chumvi niliyoilisha vipande vya zinki kutoka ganda la betri kavu, nje, palipo na upepo, mpaka iache kuchemka. Wapo mafundi wanaosugua chuma cha kulehemu kwenye jiwe la nushadiri. Mimi siliweki karibu na matangi, maana ndani yake mna amonia. Ukimaliza osha kwa maji ya magadi, kisha maji matupu, la sivyo asidi iliyobaki itaanza kitundu kingine pembeni mwa kiraka.

Viraka viwili katika tangi moja nakubali. Kikihitajika cha tatu, shaba hiyo imechoka yote.

Tangi linaloenda skrepa lisiende na vitu vyake. Toa kifuniko chenye geji, bomba la pampu, valvu ya chini, nati zote na washa. Geji peke yake ni shida kuipata madukani, na wa skrepa atakulipa kwa uzito tu. Kutoka matangi matatu niliyoyakata nilipata geji mbili nzima na ukuta wa tangi wa kukatia viraka vya miaka.

Yale matano sasa nahodha hayaweki tena na nyavu. Mwezi unapokuwa mkubwa yanamwagwa mafuta, yanasuuzwa kwa maji baridi ya bomba, yanakaushwa juani kifuniko kikiwa wazi, kisha yananing'inizwa kwenye kibaraza cha upande wa upepo. Ngozi ya pampu inapakwa mafuta ya nazi. Na kijana wa zamu amekatazwa kuitia petroli karabai hata robo kikombe, hata mafuta ya taa yakiisha usiku wa manane.