Goma, mwezi wa tano: rundo kabla ya mbegu

Mvua zinaanza kupungua, na shule zinafikiria mitihani. Bustani ya shule ya Septemba huanza sasa hivi, ingawa wengi husubiri watoto warudi darasani ndipo wagawe mbegu. Mbegu hufurahisha, mtoto huzishika, huzihesabu. Lakini mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji huu mpaka ziwani, na juu ya jiwe lile udongo bado ni mwembamba, mahali pengine haupo kabisa. Kwingine mtoto anakuta udongo. Wa hapa inambidi autengeneze, na kumpa mbegu kabla ya udongo ni kumfundisha kwamba kilimo hakiwezekani.

Kwa hiyo, mboji, yaani mbolea ya majani na takataka zilizooza. Rundo liwe na upana, urefu na kimo cha mita moja. Likiwa dogo zaidi halishiki joto, hasa kwenye baridi yetu ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Chini kabisa panga vijiti ili hewa ipite. Juu yake weka majani makavu ya migomba au maganda ya maharagi, sentimita 20. Kisha vitu vibichi, yaani maganda ya viazi na ndizi na magugu ambayo hayajatoa mbegu, sentimita 10. Halafu samadi ya mbuzi, sungura au dende (simbilisi), sentimita 5, na konzi chache za udongo. Rudia hivyo mpaka juu, ukinyunyiza maji kila tabaka. Ukikamua konzi moja yatoke matone mawili matatu, yakitiririka, umezidisha. Majivu yawe kidogo sana, kwa sababu yakizidi nitrojeni hupotea hewani. Nyama na mifupa huita panya.

Kipimo ambacho watoto hukielewa mara moja ni kijiti kirefu kilichochomekwa katikati ya rundo. Baada ya siku chache wakichomoe na kukishika. Chenye joto na unyevu: rundo linafanya kazi. Kikavu na baridi: lina kiu. Kinanuka uozo: hewa imekosa, pindueni na kuongeza majani makavu. Hapo mtoto anajifunza kuuliza sababu kabla ya kutafuta dawa, na kwa maoni yetu hilo lina thamani kuliko mavuno yenyewe.

Rundo lipinduliwe kila wiki mbili, nalo liko tayari baada ya miezi mitatu hivi. Tatizo ni kwamba likizo kubwa na kiangazi huja pamoja. Julai hakuna mvua, hakuna watoto, na rundo lisilomwagiliwa hulala tu. Lifunikwe kwa majani ya migomba na lipewe nusu bidoni (dumu) ya maji kila wiki. Lililolala halijaharibika, limechelewa, na mvua za kwanza za Septemba zitapita bure.

Udongo ukipatikana, gunia la kilo 50, lililojazwa udongo na kupandwa miche juu na ubavuni, linatosha kwa parseli (kiwanja) yenye mawe matupu. Changanya vikapu viwili vya udongo na kimoja cha mboji. Gunia la mboji tupu hushuka, na baada ya mwezi miche inaning'inia nje ya matundu. Katikati simamisha mkebe usio na kitako, ujaze kokoto za lava nyepesi, zungushia udongo, vuta mkebe juu, jaza tena. Lava yenye vitundu hushika maji, na hiyo ni zawadi ya mlima. Ila kokoto zisizidi yai la kuku: zikiwa kubwa, maji hutumbukia moja kwa moja chini, miche ya katikati inakauka huku ya chini ikioza mizizi. Toboa matundu ya miche ubavuni kwa kupishana, kila sentimita 20.

Lengalenga, yaani mchicha, ndiyo mboga ya kuanzia. Mbegu zake ni ndogo mno, basi kijiko kimoja kichanganywe na vijiko kumi vya mchanga, zisiote kwa msongamano kitaluni. Miche ikiwa na majani manne au matano ihamishwe jioni. Gunia hunywa kama lita 5 siku ya jua, na maji yaliyooshea mchele yanafaa. Yenye sabuni nyingi hayafai. Moshi wa Nyiragongo ukichanganyika na mvua, mvua huwa na asidi na majani huota madoa ya kuungua. Kitalu kifunikwe, na majani yaoshwe vizuri kabla ya kukatwakatwa.

Kuvuna ni kukata kichwa juu ya jani la tatu, si kung'oa, ili shina litoe matawi. Chunguni yapikwe muda mfupi na mafuta ya mawese kidogo, maana bila mafuta mwili hauifaidi vizuri vitamini A. Sombe, majani ya muhogo, ni kinyume chake: mtoto ajue mapema kwamba hailiwi mbichi, itwangwe na kuchemshwa muda mrefu, sababu ina sumu ya sianidi.

Lakini hayo ni ya Septemba. Wiki hii tunahitaji vijiti, majani ya migomba, na mtu mwenye ufunguo wa lango atakayemwagilia Julai.