Gabija, moto uliokuwa unalazwa kila usiku

Juzi nimekesha tena na miungu ya zamani ya Walithuania, na safari hii sikukwama kwa Perkūnas, yule wa radi ambaye kila mtu akianza kusoma habari hizi lazima aanzie kwake. Ana visa vikubwa, sikatai, kile cha Mwezi kumsaliti mkewe Jua kwa ajili ya nyota ya alfajiri, mpaka Perkūnas akakasirika akampasua Mwezi kwa upanga, kile ni kitamu sana. Ila mimi nimenaswa na Gabija, mungu wa kike wa moto wa jikoni, ambaye ndo moto wenyewe.

Iko hivi. Usiku kazi zikiisha mama mwenye nyumba anakusanya makaa anayafukia kwa majivu taratibu, na kwao huko hakukuwa kuzima moto, ilikuwa ni kumlaza Gabija, kama unavyomfunika mtoto shuka, hata jina lake huwa wanalihusisha na neno gaubti, yaani kufunika. Anamuombea alale salama, asitoke kutembea. Hapo kwenye kutembea ndo paliponishika, manake nyumba zenyewe zilikuwa za magogo na paa la nyasi, Gabija akiamka usiku akaanza kuzurura asubuhi hamna nyumba. Kwahiyo sala na tahadhari vilikuwa kitu kimoja, mkono ule ule unaofukia makaa ndo unaosali, na sijui kama kuna ibada nimewahi kuisoma ikanigusa namna hii. Pembeni anawekewa maji safi anawe. Chumvi wanamtupia motoni, ndo chakula chake, huku wanamwambia ashibe. Kuutemea moto mate au kuukanyaga ni mwiko kabisa, hilo ni tusi kwake.

Na hakuwa peke yake humo ndani. Kulikuwa na žaltys, nyoka asiye na sumu, anaheshimiwa na kuwekewa maziwa, akija kwenu ni baraka na kumuua ni kujitafutia balaa. Kulikuwa na Aitvaras pia, anaonekana kama jimbi mwenye mkia wa moto, anamletea mwenye nyumba wake nafaka na hela, ila ni vya kuiba kwa majirani, huyo simpendi.

Sasa fikiria mwaka 1387, mtawala wao Jogaila anaibatiza Lithuania, nchi ya mwisho ya kipagani Ulaya, halafu Žemaitija kule magharibi ikafuata mwaka 1413. Wanahistoria wa kanisa waliandika jinsi mioto mitakatifu ilivyozimwa, misitu ya ibada ikakatwa, nyoka wakauawa. Sawa, moto wa hadharani unaweza kuuzima kwa amri ya mfalme, lakini wa jikoni utauzimaje na watu wanataka kula? Kila nyumba ilikuwa na madhabahu yake na kuhani wake, na kuhani mwenyewe ni mama anayepika uji, nani angeenda kumkagua usiku akifukia makaa? Ndo maana naamini miungu wakubwa walibaki kwenye nyimbo na hadithi, ila Gabija aliendelea kufanya kazi. Baadaye akaingiliana na Mtakatifu Agatha, tarehe 5 Februari watu wanapeleka mkate kanisani ubarikiwe halafu wanautunza nyumbani uwakinge na moto. Mtakatifu ni mwingine, ila ombi ni lile lile la nyumba isiungue.

Siku hizi wafuasi wa Romuva, wale walioirudia imani ya asili ya huko, wakikutana wanawasha moto kwanza na kumpa vyake, chumvi ile ile. Halafu kuna hili lililonifurahisha kuliko yote, Gabija ni jina la kawaida kabisa la mtoto wa kike Lithuania, wazazi wengi tu wanawapa mabinti zao, kwahiyo jioni ya leo huko Vilnius kuna mama anamfunika Gabija blanketi na kumwambia alale.