Nilivyowatoa makarani kwenye daftari msimu wa korosho

Wakuu, chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima huku Tandahimba, Mtwara, kililetewa tableti za kurekodi korosho mizanini, ila makarani wanaandika daftarini halafu usiku ndo wanahamishia, kilo zinapishana, mkulima anakuja juu. Bosi anasema hawajitumi, mi nikakataa, mtu yuko mizanini tangu asubuhi hajitumi vipi? Nikakaa nao pale nikaona fomu inaanza na namba ya simu wakati wao wamezoea jina, kilo, daraja la ubora wa korosho, na mtandao ukikata inafuta kila kitu. Nikaipanga ifuate daftari, nikaiseti itunze bila intaneti, mwangaza nikapandisha maana jua la saa saba sio poa. Sahivi risiti inatoka mkulima bado kasimama hapo hapo.