Ngozi ya Mama Baada ya Mionzi

Mama alimaliza vipindi 25 vya tiba ya mionzi ya saratani ya titi siku ya Ijumaa, tukarudi nyumbani tukishukuru kwamba yamekwisha. Jumatano iliyofuata, nilipokuwa nikimsaidia kuvua dera, nilikuta ngozi ya chini ya titi imechubuka na kutoa majimaji, na kitambaa kimegandia pale pale.

Sikujua kwamba mionzi huumiza chembe za chini zinazozalisha ngozi mpya, ndiyo maana madhara huanza kuonekana wiki mbili au tatu tangu tiba ianze, na mara nyingi huzidi makali katika wiki moja au mbili baada ya kipindi cha mwisho. Maelezo tuliyopewa yalizungumzia wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi kama ya mama wekundu hujificha. Kinachoonekana ni ngozi kuzidi weusi, na kinachosikika ni joto, mwasho na kuvutika, hasa kwapani na chini ya titi ambako jasho hukaa na ngozi husuguana. Tangu wiki ya tatu mama alikuwa akisema panamchoma. Mimi nilitazama, nikakosa wekundu, nikamwambia hamna kitu, na neno hilo linaniuma hadi leo.

Tuliporudi hospitali, muuguzi hakukivuta kile kitambaa. Alikilowesha kwa maji safi ya chumvi ya hospitali mpaka kikaachia chenyewe, akafunika jeraha kwa bandeji laini ya silikoni isiyonata, akatukataza plasta, na akasema tukiona usaha, harufu au homa turudi siku hiyo hiyo.

Utomvu wa shubiri tuliokuwa tukimpaka kila jioni haujathibitika kuzuia madhara haya. Kilichoonekana katika tafiti za wagonjwa wa saratani ya titi kupunguza ukali wake ni krimu ya mometasoni, dawa ya steroidi ya kupaka, inayoanzwa mapema kabla ngozi haijachubuka, tena kwa maelekezo ya daktari anayetibu. Tafadhali msiichanganye na krimu za kujichubua zinazouzwa mitaani. Mengine ni ya kila siku: maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, kukausha kwa kugusagusa na taulo bila kusugua, losheni isiyo na harufu, nguo ya pamba isiyobana.

Jeraha la mama lilifunga baada ya wiki nne. Pamebaki baka jeusi, na kila anapotoka juani hulifunika kwa kanga, kwa sababu ngozi iliyopigwa mionzi huungua upesi kuliko nyingine.