Nimefunga injini ya pikipiki mwenyewe, uani kwangu

Jamani fundi akikwambia "hiyo ni ringi tu" (ringi za pistoni) mwangalie mara mbili. Yangu ni mchina wa cc 125, imebeba abiria na magunia ya mkaa mpaka injini ikachoka, moshi wa bluu, oili inaisha yenyewe, konrodi inagonga mpaka abiria anauliza bro tutafika kweli? Kila nikienda kwa fundi ni ringi, baadae ikawa bloku na pistoni, moshi ukapungua ila kugonga pale pale maana mbovu ilikuwa krenki, ile shafti inayoshika konrodi, na yeye krenki hataki kuigusa. Hela niliyomwachia ni nusu ya injini.

Nikaenda Gerezani, kule Dar kwenye maduka ya spea, nikachukua injini nzima mpya, ya 150, laki tano na ushee baada ya kubembelezana sana. Hizi injini za kichina aina ya CG, 156FMI (ndo 125) na 162FMJ (ndo 150), kwa kawaida zinakaa kwenye bolti zile zile ila pima kabla hujalipa.

Kutoa ya zamani sio ishu. Ile bolti ndefu ya nyuma ikishika kutu, rudishia nati kwenye ncha ndo ugonge, la sivyo unaua meno.

Sasa kuingiza. Shemeji akaja na utaalamu wake, eti tufunge kamba kwenye mwembe tuining'inize halafu tusogeze fremu. Kitu kina kilo thelathini hivi, kamba inavutika, injini inazunguka kama mbuzi wa sikukuu, ukilenga tundu la mbele la nyuma limeshakimbia, watoto wa jirani wanashangilia, yeye anapiga kelele "pandisha! shusha!" Nikamwambia shem, kaa kivulini unywe maji. Nikalaza injini ubavu juu ya tairi bovu, nikabeba fremu (tanki, siti na tairi la nyuma nishatoa) nikailaza juu yake! Yaani unaivalisha injini pikipiki. Bisibisi kwenye tundu moja kulengea, bolti ikapita kwa kidole. Shem kimyaa.

Kabureta, ekzosi, cheni, hayo mnajua. Soketi ya waya za magneti ikagoma kuingia, fundi kapita (hakosekani) anasema waringi yote ibadilishwe, laki moja. Nikakata soketi nikaunga rangi kwa rangi, nyeusi-nyekundu na bluu-nyeupe zinaenda CDI (kile kiboksi cha kupeleka moto kwenye plagi), kijani bodi, nikapiga tepu. Ikawaka akiwa bado kasimama pale.

Halafu injini mpya inakuja kavu, weka oili kabla ya kiki, lita moja hivi ya 20W-50, usiikamue mwanzoni, ikifika kilomita mia tatu hivi mwaga, ukiona chembe chembe za chuma usishtuke. Namba ya injini na cc hazifanani tena na kadi kwahiyo nafuatilia TRA ibadilishwe, risiti natembea nayo, trafiki akiinama kusoma pale utajieleza mpaka jioni.

Ile ya zamani naiuza skrepa, ila bloku na pistoni bado mpya, anayetaka aje tuongee bei.